UKURASA WA NYUMBA: Mfarishi wa Kwanza kwa Cherehani ya Kawaida



Mwezi huu twapenda kusema habari za mfarishi, yaani lile blanketi la tabaka tatu: juu uso wa vipande vya nguo vilivyoungwa, katikati pamba, na chini bitana, kisha zote tatu hupitishiwa mishono ili zishikamane. Akina mama kadhaa wametuuliza baada ya ibada, "Je, kazi hiyo yataka cherehani ya namna gani? Sisi tunayo hii ya kawaida tu, iendayo mbele kwa mstari mmoja, basi." Jibu letu ni fupi. Cherehani hiyo yatosha. Jambo lipungualo mara nyingi ni subira ya mshonaji kabla sindano haijaanza kwenda. Hayo hatukuyapata kwa kusoma. Tuliyapata kwa kukosa, na kosa lenyewe tutalieleza wazi, ili ninyi msilirudie.

Kosa letu

Miaka michache iliyopita mama mmoja wa usharika wetu alifiwa na mama yake mzazi. Matanga yalipokwisha na nguo za marehemu kugawanywa, yeye alipata doti mbili za kanga. Alizileta katika darasa letu la ushonaji, zimekunjwa ndani ya kitambaa cheupe, akasema, "Mama zangu, binti yangu aenda shule ya bweni, na kule kuna baridi kali. Nataka alale ndani ya nguo za bibi yake." Tulifurahi sana, tukamwahidi kwamba kazi itakuwa tayari kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa Julai. Siku zilizobaki zilikuwa 6.

Basi tukafanya haraka. Tukakata, tukaunga, na uso wa mfarishi ukapendeza macho. Lakini tulipofika kwenye kazi ya kushikamanisha tabaka tatu, tuliona taabu kuchoma pini kila mahali. Tukachoma pembeni tu, tukaacha katikati patupu. Tena tukaanza kushona ukingoni, tukaelekea kati. Kwa juu yote yalionekana mema. Tulipougeuza mfarishi tukaona aibu: bitana ilikuwa imekunjamana kila mstari, na katikati kitambaa cha ziada kilikuwa kimejikusanya, kimevimba kama andazi, hakina pa kwenda.

Ikatupasa kufumua. Kanga zile zilikuwa zimefuliwa miaka mingi, nazo zilikuwa nyembamba. Tulipokuwa tukivuta nyuzi, mahali pamoja pakachanika, upana wa kiganja, katikati ya mji wa kanga. Yule mama alipokuja kuchukua kazi yake, tulimwonyesha. Hakukasirika. Alipitisha kidole pale palipochanika, akasema, "Kitambaa kingine kingenunuliwa dukani. Hiki hakinunuliwi." Binti akaenda shule bila mfarishi. Aliupata baada ya wiki 5, una kiraka mahali pale.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane walisimama mbele ya Petro wakilia, wakimwonyesha nguo alizowashonea alipokuwa hai. Nguo yaweza kumshuhudia mtu asiyekuwapo tena, na ushuhuda wa namna hiyo ndio tuliouchana sisi kwa haraka yetu. Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni hili: msianze na nguo ya kumbukumbu. Anzeni na kipande cha mraba, inchi 16 kwa 16, yaani kama sentimita 40 kila upande, cha vitambaa visivyo na thamani. Mkikiharibu, mmeharibu matambara tu, wala hapana mtu atakayelia.

Je, kutumia cherehani ni uvivu?

Wako wasemao kwamba mfarishi wa kweli hushonwa kwa mkono, na kwamba cherehani ni njia ya wavivu. Tuwasimulie habari za Harriet Powers. Mama huyu alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, Marekani, naye alizaliwa mtumwa. Baada ya utumwa kukomeshwa huko mwaka 1865, yeye na mumewe waliishi kwa kulima karibu na mji wa Athens. Huko alishona mfarishi wenye picha 11 za Maandiko: Adamu na Hawa bustanini, Kaini na Habili, ndoto ya Yakobo, ubatizo wa Bwana Yesu, karamu ya mwisho, msalaba, na nyinginezo.

Mwaka 1886 mfarishi huo uliwekwa katika maonyesho ya pamba pale Athens. Mwalimu mmoja wa sanaa, jina lake Jennie Smith, akataka kuununua, lakini Harriet hakukubali kuuachilia. Yapata miaka 5 baadaye shida iliishika nyumba yake, akaenda kuutoa kwa dola 10, akapewa dola 5. Kabla ya kuondoka alieleza maana ya kila picha, na baadaye alirudi mara kadhaa kuutazama, kama mtu aendaye kumjulia hali mtoto wake aliyeolewa mbali. Leo umehifadhiwa katika makumbusho ya historia ya taifa hilo, mjini Washington. Nao umeshonwa kwa mkono na kwa cherehani pia. Cherehani haikuipunguza kazi ile hata kidogo, wala haitaipunguza yenu. Basi, tuanze.

Maandalizi

Kwanza, fueni vitambaa vyote, vya uso na vya bitana, mvikaushe na kuvipiga pasi. Chekundu na cha rangi nzito kifuliwe peke yake mpaka maji yatoke safi. Nguo mpya ya pamba hupungua ifuliwapo. Mkiiunga na nguo kuukuu kabla ya kuifua, itaivuta mwenziwe. Bwana wetu alisema habari za kiraka kipya katika vazi kuukuu, jinsi kinavyozidisha kuraruka. Na waliomsikia bila shaka walielewa mara moja, maana nao walivaa viraka.

Pili, chagueni kitu cha kuweka katikati. Pamba iliyotandazwa iuzwayo kwa mita ni njema. Ikikosekana, blanketi kuukuu lililo jembamba lafaa sana, tena kwa anayeanza twaona ndilo bora, maana halihami wala halifanyi madonge. Pamba ya kuchambuliwa kwa mkono ina joto, lakini hutembea ndani isiposhonwa kwa mistari ya karibu karibu; iacheni mpaka mkono uzoee. Bitana na pamba zizidi uso kwa inchi 2 au 3 kila upande.

Tatu, itengenezeni cherehani. Ondoeni vumbi la nyuzi lililojikusanya chini ya kile kibati cha sindano, mtie tone la mafuta mahali pake, kisha mshone kwanza juu ya tambara mpaka mafuta yaliyozidi yaishe. Tieni sindano mpya, namba 14, ambayo katika pakiti nyingine huandikwa 90. Na kama tabaka ni nene, namba 16, yaani 100. Sindano butu haipiti tabaka tatu, bali huzisukuma. Rekebisheni urefu wa mshono uwe mrefu kidogo kuliko wa kushona gauni, hatua 8 au 9 katika inchi moja, yaani kama milimita 3 kila hatua.

Kushikamanisha tabaka

Hapa ndipo tulipokosa sisi, kwa hiyo someni polepole.

Tandazeni bitana juu ya sakafu safi au meza kubwa, upande wake mzuri ukiangalia chini. Inyosheni hata isiwe na kunyanzi, lakini msiivute kama ngozi ya ngoma, maana mkiiachilia itarudi na kukunjamana. Bandikeni kingo zake kwa utepe wa kunata, au ziwekeeni vitu vizito. Juu yake tandazeni pamba, mkiilainisha kwa viganja kutoka kati kwenda nje. Juu ya pamba wekeni uso, upande mzuri ukiangalia juu, mkaulainishe vivyo hivyo.

Sasa chukueni pini zile zifungwazo, ambazo akina mama hufungia nepi. Anzeni katikati, mwende nje pande zote, mkichoma tabaka zote tatu. Kipimo chake ni rahisi: wekeni ngumi mahali popote juu ya mfarishi, isipogusa pini, pini ni chache. Asiye na pini apige bandi kwa uzi mweupe na hatua ndefu, naye pia aanzie katikati. Kwa mfarishi wa kitanda kazi hii yaweza kuchukua alasiri nzima. Mtu akiwaambia kwamba mwapoteza wakati, mwambieni kwamba kufumua kulituchukua jioni nne.

Twapenda mjue sababu, maana mtu ajuaye sababu hasahau. Katika cherehani nguo huvutwa na meno madogo yaliyo chini, nayo hushika bitana. Juu, ule mguu wa chuma ubanao nguo hauvuti; huteleza tu. Kwa hiyo tabaka ya chini huenda mbele na ya juu hubaki nyuma. Katika nguo moja tofauti hiyo haionekani. Katika tabaka tatu huongezeka hatua kwa hatua, na mwisho wa mstari huwa mikunjo. Pini nyingi huzuia tabaka zisiachane. Madukani huuzwa mguu wa namna nyingine, wenye meno yake juu, uendao pamoja na yale ya chini. Ni msaada mkubwa kwa mwenye fedha, lakini si lazima kwa mraba wa kwanza. Cherehani nyingi zina parafujo juu ya ule mti ushikao mguu. Ilegezeni kidogo, mguu usibane mno, nanyi mtaona nafuu.

Kushona

Chagueni mistari iliyonyooka. Maua na mizunguko yana siku yake, nayo hutaka meno ya cherehani yashushwe ili mikono ndiyo iiongoze nguo. Kwa sasa chukueni rula na chaki, mchore mistari inayoachana inchi 3. Au fuateni mfereji wa mshono, pale vipande viwili vinapokutana. Hapo hata mstari ukipinda kidogo, jicho halioni.

Mstari wa kwanza upite katikati kabisa, kutoka ukingo hata ukingo. Kisha shoneni mistari yote ya kulia kwake, mmoja baada ya mwingine kuelekea nje, kila mmoja mkiuanzia ukingo ule ule. Kisha geuzeni mfarishi, mfanye nusu ya pili. Kwa njia hii kitambaa cha ziada husukumwa nje, wala hakifungiwi ndani. Sehemu ipitayo chini ya mkono wa cherehani ikunjeni kama mkeka, mpate nafasi.

Kabla ya kuanza kila mstari, shikeni ncha ya uzi wa juu, zungusheni gurudumu mara moja, na uzi wa chini utapanda. Vuteni ncha zote mbili juu, mzishike kwa hatua mbili tatu za kwanza. Mkiacha kufanya hivyo, mtakuta kiota cha nyuzi kwa chini. Ondoeni kila pini kabla sindano haijaifikia. Msivute nguo kwa nyuma, wala msiisukume, ongozeni tu. Mkitaka kupumzika, acheni sindano ikiwa imezama ndani ya nguo, ili mstari usiruke mkianza tena. Na uzito wa mfarishi uwe juu ya meza au kiti kando yenu, usining'inie, maana uzito uvutao huvunja sindano.

Wenye cherehani ya mkono wana mkono mmoja tu wa kuongozea nguo. Wasione haya kumwita mtoto mkubwa azungushe gurudumu, taratibu, naye mama aongoze kwa mikono yote miwili. Kwetu sisi watoto wengi wameanza kazi hii kwa mlango huo.

Nyuzi mbili

Jaribuni kwanza juu ya vipande vidogo vya tabaka tatu zile zile, mkatazame pande zote mbili. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, moja ya sindano na moja ya bobini. Ndivyo ilivyokuwa katika cherehani ya Elias Howe, aliyepata hati ya uvumbuzi wake huko Marekani mwaka 1846, na ndivyo ilivyo hata leo. Nyuzi hizo hukutana na kufungana, na fundo lao lapaswa kufichika katikati, ndani ya pamba. Uzi wa chini ukijitokeza juu kama nukta, uzi wa juu umekazwa mno, ulegezeni. Uzi wa juu ukijitokeza chini, umelegea mno, ukazeni. Geuzeni kidogo tu, mjaribu tena.

Tulipolieleza jambo hili darasani, bibi mmoja mzee alicheka, akasema kwamba ameolewa miaka 40 naye alijua habari hiyo kabla hajaona cherehani. Alisema kweli. Mmoja akikaza mno, humvuta mwenziwe upande wake, na watu wa nje huliona fundo.

Kumalizia ukingo

Mistari ikiisha, kateni pamba na bitana zilizozidi, kingo ziwe sawa na uso. Kateni vitepe vya kitambaa vyenye upana wa inchi 2 na nusu, mviunge viwe utepe mmoja mrefu, mkaukunje katikati kwa urefu na kuupiga pasi. Wekeni kingo zake mbichi sawasawa na ukingo wa mfarishi kwa juu, mshone robo inchi kutoka ukingoni. Kisha ugeuzeni utepe nyuma, mkaushone kwa sindano ya mkono. Usiku wa mazungumzo nyumbani wafaa sana kwa kazi hii.

Baada ya mraba wa kwanza shoneni wa pili, ndipo mshone tandiko dogo la kumkalisha mtoto chini. Baada ya hapo mwaweza kugusa nguo mlizoziweka sandukuni. Haraka haraka haina baraka, na sisi tumelipa bei ya methali hiyo.

Twamaliza kwa habari moja. Yule binti amekwisha maliza shule. Mwezi uliopita alikuja kwetu, mfarishi ule umekunjwa kwapani. Ukingo wake umechakaa, na rangi za kanga zimefifia, lakini mistari imeshika. Kile kiraka, tulichokikata katika pindo la kanga ile ile, bado kipo. Alisema kwamba usiku bwenini alikuwa akikitafuta kwa vidole gizani, ajue yuko upande gani wa mfarishi. Sasa ataka kuutia ukingo mpya kwa mkono wake mwenyewe. Tulimkaribisha, tukamketisha mbele ya cherehani. Mfarishi tukauweka kabatini, tukampa kwanza kipande cha mraba, inchi 16 kwa 16, cha matambara.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kufua mfarishi na kuuanika pasipo kuharibu pamba yake. Mwenye swali au shauri na alete kwa katekista wake, nasi tutalipokea kwa furaha.

Wasalaam,
Sisi wa Ukurasa wa Nyumba